Tovuti ya makumbusho: mpe asiyeona aijaribu kabla ya mkurugenzi

Toleo la kwanza la tovuti yetu lilimfurahisha kila aliyelitazama. Aibu ilianza siku lilipopata msikilizaji.

Ni makumbusho madogo ya utamaduni hapa Dodoma mjini, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuyajengea tovuti. Nilimwalika mwalimu mmoja mstaafu wa Chamwino, asiyeona, aje aijaribu kwa simu yake. Tukasalimiana mbukwa, chai ikaja, akawasha TalkBack, programu ya kusoma skrini iliyomo kwenye simu nyingi za Android, akaanza kupapasa kioo. Simu ikasema: "Picha. Picha. IMG 4032. Kitufe. Kitufe. Picha." Na maneno machache ya Kiswahili iliyoyakuta iliyasoma kwa matamshi ya Kiingereza, kama mtalii aliyeshuka jana. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwani mnafungua saa ngapi?"

Saa za kufungua na kiingilio vilikuwa kwenye bango zuri sana. Bango lenyewe lilikuwa picha.

Wanaonipigia simu kuomba ushauri huanza na swali la mfumo wa kujengea tovuti: WordPress au Omeka? Mimi silipi uzito mkubwa. Yote miwili ni ya bure, yote hukaa kwenye seva ya kawaida yenye lugha ya programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL. Kama mna habari, matukio na vitu thelathini vya kuonyesha, WordPress inatosha na mafundi wake wako kila mtaa. Kama mna mamia ya vitu vyenye namba za usajili, Omeka ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa: kila kitu kinapata fomu yake ya Dublin Core, yaani vipengele 15 vya kueleza kitu, kama jina, mtengenezaji, tarehe, mada na haki. (Dublin hiyo ni ya Ohio, Marekani. Nilikaa muda mrefu nikidhani ni ya Ireland.) Sisi tulichagua WordPress kwa sababu moja tu: dada wa mapokezi tayari alikuwa anaijua, na yeye ndiye angebaki nayo mimi nikishaondoka.

Kazi iliyotuchosha ni maneno. Matamshi ya kitalii yalipona kwa dakika moja, tulipobadili lugha ya tovuti kwenye mipangilio hadi Kiswahili na kurasa zikaanza kujitambulisha kuwa ni za Kiswahili kwa alama ya lang="sw". Maelezo ya picha yalichukua miezi miwili.

Kwa kila picha, WordPress ina kisanduku cha maandishi mbadala, yaani maneno ambayo programu ya kusoma skrini huyasoma badala ya picha. Mwanzoni kijana wetu alijaza "zeze", "zeze 2", "marimba". Nikamwambia, fumba macho, nikusomee ulichoandika, uniambie umeona nini. Akacheka, akafuta. Siku hiyo tukaandika: "Zeze la Kigogo lenye nyuzi mbili, kibuyu chake kimewambwa ngozi, upinde umelazwa pembeni." Hapo mtu ana kitu mkononi. Marimba ya Kigogo, ilimba, ilitupa somo jingine. Ina vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mvumo wa nyuki. Picha haivumi, hata kwa mwenye macho mazima. Kwa hiyo pembeni ya picha tukaweka sauti yake, na chini ya sauti tukaeleza kwa maandishi kinachosikika, kwa ajili ya kiziwi. Kumbe kila njia inaziba tundu la mwenzake.

Simu yangu haina sauti ya kusomea Kigogo, basi masimulizi ya Kigogo tulimrekodi bibi mmoja mwenyewe. Rekodi ya mtu anayeongea haihitaji ukubwa: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula chini ya nusu MB kwa dakika. Picha zetu za kwanza zilikuwa na MB nne hadi sita kila moja. Mtu wa Kolo, kule Kondoa, angemaliza bando kabla hajafika kwenye vyungu. Punguza upana hadi pikseli 1,200, iwe chini ya KB 200. Video zisijichezeshe zenyewe hata siku moja, kwani zinafunika sauti ya programu ya kusoma na asiyeona anabaki amepotea. Na maandishi ya chini ya video yaandikwe na mtu, yataje pia ngoma inapoanza kulia.

Rangi ilituletea ugomvi. Mbunifu alitaka ukurasa wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ufanane na mwamba wenyewe: herufi nyekundu ya udongo juu ya kahawia. Pazuri kweli, na hapasomeki, hasa juani. WCAG, kipimo cha kimataifa cha tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, kinataka uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake. Sisi hata 3 hatukufika. Tukaiacha michoro ibaki na wekundu wake, maandishi yakawa meusi juu ya nyeupe. Alinuna wiki nzima.

Ukurasa huohuo nusura utuingize matatani kwa jambo lisilohusu macho. Picha za simu hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Kwa mapango ambayo hayana mlinzi, na jinsi watu wanavyopenda kuchimbachimba wakitafuta hazina ya Mjerumani, kuiacha taarifa hiyo ni kumchorea mwizi ramani. Ifuteni kabla ya kupandisha.

Mtauziwa pia plagini, programu ndogo ya kuongezea kwenye tovuti, inayoweka pembeni kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu na kuahidi kumaliza kila kitu. Tuliijaribu. Mwalimu alisema inamzuia kufika kwenye menyu, tukaing'oa jioni ileile. Bora ukae na kompyuta bila kipanya, utembee ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab: usipojua uko wapi, wageni wako wengine nao hawajui.

Mwalimu alirudi mwezi wa tatu. Alisoma saa za kufungua, akasikiliza ilimba mara mbili, akaenda hadi fomu ya kuomba ziara ya shule. Simu ikasema, "Thibitisha wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani." Akanigeuzia simu kimya kimya. Fomu hiyo tumeiondoa. Kwa sasa wanaotaka ziara wanapiga simu mapokezi.