Maji baridi au maji ya chumvi? Kwa mwenye nafasi ya tangi la lita 200, Dar

Mkuu umeuliza una nafasi ya tangi la lita 200 sebuleni, upo Dar, bahari iko jirani, sasa uweke samaki wa maji baridi au wa baharini. Nimefuga wote hapa hapa mjini kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona kwangu na kwa jamaa zangu tunaofuga. Wengi watakuanzishia bei ya samaki, ila kwangu mimi hiyo inakuja mwisho kabisa. Cha kwanza jiulize, umeme ukikatika saa nane usiku umelala, hilo tangi litafika asubuhi?

Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, kwenye joto lile lile yanapungukiwa kama asilimia 20 hivi, na maji yakipata joto inapungua tena, na sebule ya Dar mwezi wa pili unaijua. Pampu zikizima samaki wa bahari wanapanda juu kutweta mapema tu, alafu na vijidudu vyote vilivyomo kwenye mawe hai, yale mawe ya baharini yanayopangwa ndani ya tangi, vinagombania hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo tangi la chumvi hapa mjini maana yake inveta na betri, ziingie kwenye bajeti kabla hata hujaenda kwa fundi vioo. Kwa maji baridi, kapampu kadogo ka hewa ka betri kanakuvusha usiku vizuri kama hujawarundika samaki.

Na hilo joto linakuja na ishu nyingine. Ukiweka matumbawe, maji yakikaa zaidi ya nyuzi 30 siku kadhaa matumbawe yanapauka, kwa hiyo unafunga feni juu ya tangi, feni inapoza kweli ila inakausha maji, na maji yakikauka chumvi inabaki, yani kila siku ujazie maji yasiyo na chumvi kufidia yaliyopotea. Ukisafiri kwenda kijijini wiki nzima lazima uache mtu anayeelewa kwamba anajazia maji matamu na sio ya bahari, maana akikosea hapo chumvi inazidi kupanda.

Najua utasema si tuchote baharini bure. Inawezekana, nimetumia sana, ila sio pale ufukweni unapokanyaga watu wakiogelea, na sio karibu na midomo ya mito kama Msimbazi, na masika ndo usijaribu kabisa, mvua inashusha chumvi na kuleta uchafu wote wa mjini. Toka na mtumbwi mpaka mbele huko maji yakiwa yamejaa, pima na rifraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, upate kama 1.025, yachuje, yaache gizani siku kadhaa huku yanazungushwa na pampu. Hesabu nauli na mtumbwi kila unapobadilisha maji. Na naomba sana, usiende kubandua matumbawe wala mawe hai kule Mbudya na Bongoyo, ile ni hifadhi ya bahari, na tumbawe la saizi ya kichwa limekua miaka mingi mno kuja kufia sebuleni kwetu.

Sasa nikwambie ninachokipenda mwenyewe. Kwa nini tunakimbilia bahari au goldifishi waliotoka China wakati Ziwa Tanganyika ni letu? Lina aina zaidi ya 200 za samaki jamii ya perege na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wajerumani na Wamarekani wanawalipia hela nzuri waletewe kwa ndege, sisi tuna Kigoma hapa na wengi hatujawahi hata kuwaona. Kuna leleupi wa njano kali kama ndimu iliyoiva, ukimuona hutamani tena samaki wa bahari. Kuna ocellatus, dume lake halizidi sana sentimita 5, anaishi ndani ya gamba tupu la konokono, unamwekea mchanga laini anachimba mwenyewe analizika gamba anavyotaka na akiona mkono wako anaushambulia. Kuna brichardi, wale watoto wakubwa wanabaki nyumbani kuwalinda wadogo zao waliozaliwa baadaye, nimekaa mbele ya kioo chakula kikapoa nikiwaangalia. Ila hao brichardi wape tangi lao peke yao, wakishazaana wanawafukuza wengine wote. Frontosa muache, anafika sentimita 30, lita 200 ni kumtesa. Tropheus nao mpaka upate uzoefu, wanakula mwani, ukiwapa vyakula vya nyama tumbo linavimba wanakufa.

Raha nyingine, maji yao yanataka yawe magumu, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kama 8.5 mpaka 9, na visima vingi vya Dar maji yake ni magumu, yale sabuni haitoi povu. Lakini yaonje, kama yana ladha ya chumvi usiyatumie, ugumu ni kalsiamu na magnesiamu, chumvi ya mezani ni kitu kingine. Ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo siku nzima na bomba la hewa linatoa mapovu.

Samaki usiwaweke siku ya kwanza. Filta inahitaji kama wiki 4 mpaka 6 bakteria wajae, wa kugeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti kisha naitreti, na kwenye pH ya juu amonia ni sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida, hii ni kwa Tanganyika na kwa bahari pia. Nunua vipimo vya amonia na naitraiti kabla ya samaki, vyote viwili visome sifuri ndo ulete. Meza nayo iwe ya chuma au mbao nzito, maji peke yake ni kilo 200, bado kioo na mawe.

Kwa hiyo mkuu kama inveta huna, chukua Tanganyika. Kama unayo na upo nyumbani karibu kila siku, bahari unaiweza. Tuambie maji yako ni ya bomba au ya kisima na tangi lina urefu gani, nikupangie mawe na idadi ya samaki.