Maswali ya Wasomaji: Darubini ya kupigia picha nebula, na stendi yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma. Nina kamera ya DSLR, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha za Mwezi. Sasa natamani kupiga nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi ya angani, na galaksi. Kuna mtu ananiuzia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na fokasi ya milimita 650, pamoja na stendi yake ya miguu myembamba. Dada yangu anayeishi Uingereza naye yuko tayari kuniletea kifaa kimoja atakapokuja likizo. Je, niinunue darubini hiyo, na dada alete nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, kwa kutazama Mwezi au pete za Zohali darubini hiyo itakufaa sana, lakini kwa kazi unayoitaka nakushauri uiache, na pesa yako uielekeze kwanza kwenye stendi, ambayo ndiyo dada akuletee.

Sababu yake utaikokotoa mwenyewe ubaoni. Kwa kuwa Dunia hujizungusha, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga husogea sekunde 15 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja) kila sekunde moja ya saa. Kamera yenye pikseli za mikromita 4, ikifungwa kwenye fokasi ya milimita 650, huona takriban sekunde 1.3 za tao kwa kila pikseli, hivyo nyota hiyo huvuka karibu pikseli 12 kwa sekunde moja tu. Nebula nayo huhitaji shata ikae wazi dakika moja au zaidi, tena mara nyingi, ndipo picha zote zijumlishwe kwenye kompyuta. Anayeweza kuishika nyota mahali pamoja muda wote huo ni stendi ya ikweta yenye mota, inayozunguka kinyume cha Dunia bila kutetereka. Na bomba refu juu ya miguu myembamba, kwa upepo wa Dodoma unaoujua, hugeuka tanga. Zaidi ya hayo, darubini nyingi za kioo za wanaoanza hazikukusudiwa kamera: mahali picha inapokusanyika hubaki ndani mno ya bomba, na picha haiwi kali hata uzungushe vipi.

Darubini ninayoipendekeza ni ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 60 au 70 na fokasi isiyozidi milimita 400. Kwa kamera ya sensa ndogo itakupa eneo la anga la nyuzi 3 kwa 2, yaani upana wa Miezi sita iliyopangwa mstari, na makosa madogo ya mota hayataonekana sana. Uzito uliotajwa kwenye stendi usiufuate hadi mwisho: ikiandikwa kilo 5, kwa picha uibebeshe kama kilo 3.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya huwa hailigusi. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na kwetu Dodoma ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, nyuma ya miti na vumbi, huku Nyota ya Kaskazini ikiwa chini ya upeo kabisa. Stendi kadhaa zilizobuniwa kwa nchi za kaskazini haziteremki chini ya nyuzi 10 au 15. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, nikalazimika kuweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kaskazini ili mhimili uinamie kusini. Kila upepo ulipovuma, nyota zilitoka na mikia. Kwa hiyo dada yako asilipe kabla ya kuhakikisha kwamba stendi inashuka hadi nyuzi 6 au chini yake, na aulize pia kama ina nguzo fupi ya kuiinua juu ya miguu, kwa maana mhimili ukilala hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha hugonga mguu ulioelekezwa kusini.

Kutoiona ncha kusikusumbue. Programu ya N.I.N.A., ambayo ni ya bure, hupiga picha tatu sehemu yoyote ya anga iliyo wazi, hukokotoa mhimili umekosea kwa kiasi gani, nawe unazungusha skrubu huku ukisoma namba kwenye skrini. Hakikisha tu kwamba mota imepangwa izunguke kwa ajili ya nusu ya kusini ya Dunia. Ikibaki kwenye mpangilio wa kaskazini, badala ya kuifuata nyota itaikimbia.

Stendi ikifika, usiharakie darubini. Fungia kamera yako na lenzi ya milimita 135 au 200, uanze nayo kiangazi hiki: jioni za Mei na Juni nebula ya Carina iko wazi upande wa kusini, na mwezi wa Agosti nebula ya Lagoon hupita karibu na utosi, mahali ambapo vumbi la Dodoma ni jembamba kuliko pote.