Maziwa hayafiki mapafuni

Swali la wiki lilikuwa: "Elimu ya uchafuzi wa hewa iwafikie vipi wananchi, na ianzie wapi?"

Mhariri, kwa sisi wakulima wa korosho wa Newala, mkoani Mtwara, ianzie siku ya kugawa salfa, dawa ya mikorosho.

Kila ninapomsikia mtaalamu akieleza uchafuzi wa hewa, anataja magari ya Dar es Salaam na moshi wa viwanda. Mkulima wa huku anasikiliza kwa adabu, anaona hayamhusu, anarudi shambani. Kumbe hewa yake inachafuliwa na kazi ileile inayomlipia mtoto ada. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, tunapulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Tusipopulizia, maua yanakauka na mavuno hakuna. Kwa hiyo asije mtu kutuambia tuache. Tunachohitaji ni kufundishwa namna ya kuipulizia bila kuivuta.

Mjomba wangu ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Anaondoka alfajiri, mashine mgongoni, kipande cha kanga puani, na anarudi nyusi zikiwa za njano. Nyumbani anakuta kikombe cha maziwa kinamsubiri, "asafishe kifua." Hata mimi nimekua nikiamini hivyo. Mwaka jana, baada ya kumsikia akikohoa usiku kucha, nilimwambia: "Mjomba, nisamehe, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi la salfa limekwenda mapafuni. Hayakutani." Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Sasa miaka yote hii, nani alitakiwa aniambie?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika barua hii.

Siku ya kugawa pembejeo kwenye chama cha msingi, mkulima anakuja kwa miguu yake mwenyewe, anakaa chini ya mwembe akisubiri jina lake. Apewe bwana shamba robo saa tu. Aseme: pulizieni alfajiri, umande ungali kwenye majani na kusi haijaanza kuvuma, salfa ishike mti badala ya kuelea hadi kwa jirani. Upe upepo mgongo. Kanga haizuii vumbi laini, tafuta barakoa inayobana uso, na miwani. Mwenye pumu asiguse kazi hii. Oga na ubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na mtoto asitumwe kubeba mfuko. Tena aseme kwa vitendo, avae barakoa mbele yao, kwa sababu karatasi yenye maelezo huwa inaishia kufungia karanga.

Kuna na moshi wa akina mama, nao unaniuma zaidi. Anayebangua korosho nyumbani anazichoma kwanza kwenye bati lenye matundu. Mafuta ya maganda, yaleyale yanayobabua ngozi ya vidole, yanashika moto na kutoa moshi mweusi mzito unaokaba koo na kuchoma macho. Mama amechuchumaa hapo hapo, mara nyingi na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Huu wetu wa maganda unaongezeka juu ya ule wa jikoni.  Wa jikoni unasubiri mitungi ya gesi iwe ya bei ambayo bibi zetu wanaiweza; kwa huu wa maganda, angalau bati liwekwe uwanjani mbali na mlango, mchomaji akae upande upepo unakotoka, na mtoto abaki na mtu mwingine.

Hayo wasiachiwe mabwana shamba. Wapewe makungwi. Mwanamke wa huku analolisikia kwa kungwi wake halisahau, na kungwi ana uhuru wa kumkemea hata mama mtu mzima.

Kuhusu kuchoma majani chini ya mikorosho sina mengi: yaachwe yaoze, ni mbolea.

Mjomba ameniomba niende naye kwenye mkutano wa chama Jumamosi, niyaseme yale ya maziwa mbele ya wenzake. Anasema wakiyasikia kwake peke yake watadhani amechoka kazi. Nimeshanunua barakoa mbili, moja atavaa yeye mkutanoni, ya pili nitaizungusha waishike wenyewe.