Ukishapasuliwa, Usiishie Bandarini

Barua za saratani ya matiti zimezidi. Nazijibu zile zinazogusa wengi.

Nina kivimbe kwenye ziwa, hakiumi. Nitajie dawa. (Kengeja)

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara bila umri wala muda kivimbe kilipoanza. Dawa sitaji. Kivimbe kisichouma ndicho cha kukimbilia, maana saratani ya titi mwanzoni aghalabu haiumi. Nenda Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee, wiki hii. Daktari akitaka kuchukua kinyama cha kupima, mkubalie.

Mke wangu kivimbe chake ni kidogo. Daktari anasema kitolewe peke yake, ziwa libaki, kisha akapigwe mionzi Dar es Salaam. Jamaa wanasema chuma kikigusa kensa, inatapakaa. Lipi bora? (Mume, Wete)

Chuma hakitapanyi saratani. Hao wanaotajwa na jamaa zako, waliopasuliwa wakafariki baada ya muda mfupi, wengi walifika kwa daktari ugonjwa umeshaingia mapafuni au kwenye mifupa. Kisu kikabeba lawama ya miezi iliyopotea kwa waganga na vikao vya ukoo.

Kuhusu kuacha ziwa: Marekani, daktari Bernard Fisher na wenzake waliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, wakatoa matokeo mwaka 2002. Waliotolewa titi zima na waliotolewa kivimbe tu waliishi sawa. Lakini waliobaki na titi bila kupigwa mionzi, saratani iliwarudia kwenye titi lile lile takriban 39 katika kila 100. Waliopigwa mionzi, takriban 14. Mionzi inaua mbegu za saratani ambazo jicho la mpasuaji haliwezi kuziona.

Nami hapa ndipo roho inaponiuma. Nimewaona kina mama kidonda kimepona vizuri, barua ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, iko mkobani, na safari haifanyiki. Nauli ya boti, pa kufikia Dar, nani atabaki na watoto. Mwezi unapita, wa pili unapita. Basi kaeni mpange kabla ya upasuaji: nani atamsindikiza, atalala wapi wiki zote hizo, kwa kuwa mionzi hupigwa siku tano za wiki. Mkiona kweli hamtaweza, mwambieni mpasuaji mapema, kwani uamuzi wake unaweza kubadilika, akaona heri atoe ziwa lote. Wala msichague kutoa lote kwa kuikimbia bahari. Kivimbe kikizidi sentimita 5, au saratani ikikutwa kwenye tezi nne na zaidi za kwapani, hata aliyetolewa titi zima kwa kawaida hupelekwa kwenye mionzi.

Na jambo moja, baba. Umeniandikia wanavyosema jamaa, umeniandikia alivyosema daktari. Mke wako anataka nini? Muulize yeye kwanza, mwili ni wake.

Mimi nimepangiwa mionzi mara 15, mwenzangu alipigwa 25. Nimepunjwa? (Makunduchi)

Hukupunjwa. Kila siku unapewa kipimo kikubwa kidogo kuliko alichopewa yeye. Uingereza waliulinganisha mpango wa wiki tatu na ule wa wiki tano, wakawafuatilia wanawake miaka 10, na wa wiki tatu haukuwa dhaifu katika kuizuia saratani isirudi. Mpango wa kila mtu hutegemea ugonjwa wake, kwa hiyo usikatize siku zako kwa kujilinganisha na jirani. Ngozi inaweza kuwa nyekundu au kuiva ikawa nyeusi, na mwili utachoka. Oga kwa maji na sabuni laini, alama ulizochorwa usizisugue, na liwa, singo na manjano viweke kando mpaka ngozi ipone. Wengi hulitishika neno "kuchomwa mionzi". Hakuna moto pale. Unalala dakika chache, husikii maumivu, unaondoka.

Nikirudi kutoka kwenye mionzi, nitaweza kumpakata mjukuu wangu? (Chake Chake)

Mpakate siku hiyo hiyo, bibi. Mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Nilitolewa ziwa na tezi za kwapani, sasa mkono umevimba. Shoga yangu ananishauri nikapigwe hijama. (Nungwi)

Usithubutu! Tezi zikitolewa, maji ya mwilini yanakosa njia ya kupita, mkono unajaa, na mkono huo haupigani vyema na vijidudu. Wembe wa hijama au chale unaweza kuwafungulia mlango. Rudi kliniki ufundishwe mazoezi na jinsi ya kuufunga bendeji ya kubana, na ukilala uinue juu ya mto. Kazi nyepesi za nyumbani fanya, mkono haupendi kulazwa tu. Ukiparua samaki au kukuna nazi, jihadhari usijikate. Ukiuona umekuwa mwekundu, wa moto, na homa imekushika, usingoje asubuhi.