Maswali ya Wasomaji: Stesheni Wagoni ya Mayai na Kona za Kitonga

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi na mume wangu tunafuga kuku wa mayai nje kidogo ya Iringa mjini. Kila wiki tunapeleka trei 60 hadi 80 Morogoro, na siku nyingine gari hilo hilo linabeba watoto watatu. Tulikuwa na Noah, tumeiuza. Ilibeba vizuri, ila kwenye kona za mlima Kitonga ilikuwa inalala hadi watoto wanashika viti. Natafuta stesheni wagoni ya bei nafuu, iliyotumika, na ambayo mtu akikaa kwenye usukani anafurahia safari. Nichukue ipi? – Mama mfugaji, Iringa

JIBU: Dada, trei moja ya mayai 30 haifiki kilo mbili, kwa hiyo trei 80 ni kama kilo 150. Huo ni uzito wa watu wawili walionona, na stesheni wagoni yoyote inaubeba. Mayai yanapasuka pale gari linapopita kwenye shimo kisha likaendelea kurukaruka. Gari la namna hiyo ndilo hilo hilo linalolala kwenye kona, na sababu ni moja: shokapu zimekufa na bushi, ile mipira ya maungio ya chini ya gari, zimekwisha. Kwa hiyo kabla hatujataja jina la gari, chukua bajeti yako, toa moja ya kumi, iweke kando. Hiyo ni ya chini ya gari, usimpe dalali.

Kwa matumizi yenu sisi tungeanza na Toyota Corolla Fielder ya umbo la 2000 hadi 2006, injini ya 1NZ yenye cc 1,496, na ikipatikana ya gia za mkono msiiache. Ni gari jepesi, kama kilo 1,100, sakafu ya buti iko chini, na injini inatumia taimingi cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha. Farasi 110 si wengi, lakini ukiwa na gia za mkono unapanda Kitonga na mzigo kwa gia ya tatu bila kuikamua injini, na unaposhuka injini yenyewe inakushikia gari.

Msinunue kwa kuambiwa "ni Fielder tu, zote sawa". Fungueni boneti, tafuteni kibati cha chasisi, msome kodi ya modeli, yaani herufi na namba za kuitambulisha. Ikiandikwa NZE121G, hiyo ndiyo yetu. Ikianza na ZZE, mara nyingi injini ni 1ZZ ya cc 1,800: ina nguvu zaidi, lakini za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili. Pistoni zake zina matundu madogo ya kurudisha oili chini, na oili ikichelewa kubadilishwa matundu hayo yanaziba kwa masizi, ringi zinaganda, oili inabaki juu na kuungua. Kuna pia ZZE123G yenye injini ya 2ZZ, farasi 190 na gia sita. Ni tamu kweli, lakini boliti zake za kunyanyulia vali kwenye mzunguko wa juu hukatika, na vipuri vyake si vya kuvipata duka la jirani. Mwachieni kijana asiyepeleka mayai.

Bahati yenu ni kwamba mnaishi karibu na kipimo kizuri cha injini inayokula oili. Shukeni mteremko mrefu kwa gia ya pili au ya tatu, mguu nje ya mafuta, kama dakika moja. Wakati huo mvuto ndani ya silinda ni mkubwa na oili inafyonzwa kupita kwenye ringi na sili za vali. Mkifika chini, kanyageni mafuta ghafla huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la bluu likitoka, mrudishieni muuzaji gari lake, mwondoke.

Toyota Caldina ya 2002 hadi 2007 inapatikana kwa bei ya kuvutia na inatulia barabarani kuliko Fielder kwa sababu ni nzito na pana zaidi. Lakini soma kodi: ZZT ni ile ile 1ZZ tuliyokwisha kuisema, na AZT ni injini ya D-4 ya cc 1,998 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajaa masizi, na gari linaanza kukosa silensa asubuhi, yaani halitulii likiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kusafisha kunahitaji kufungua manifoldi, si kumwaga dawa kwenye tangi.

Mazda Atenza Wagoni ndiyo yenye usukani mtamu kuliko zote tulizozitaja hapa. Gurudumu la mbele linashikwa na mikono ya juu na ya chini, kwa hiyo tairi linabaki limesimama vizuri hata kwenye kona kali. Lakini mikono mingi maana yake ni bushi nyingi na boljointi nyingi, na ukiwa Iringa utaagiza Dar kila mara. Kama mna fundi mvumilivu na mtu wa kuwatumia vipuri kutoka Gerezani, Dar, chukueni ya cc 2,000. Probox na Succeed ni magari ya kazi yasiyo na mpinzani, injini ni ile ile 1NZ, lakini likiwa tupu nyuma linadunda.

Mkishalipata gari, fanyeni kazi hii ya chini kwa mkupuo mmoja: shokapu nne, mauntingi mbili za juu za shokapu za mbele, linki mbili za stabilaiza, bushi za mikono ya chini ya mbele, na bushi mbili za bimu ya nyuma. Shokapu zibadilishwe kwa jozi, kamwe si moja. Hapa mafundi wengi hukosea jambo moja dogo: wanakaza boliti za bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Mpira wa bushi unashikwa katika mkao huo, na gari likishushwa unabaki umejikunja saa zote. Miezi michache umechanika na fundi anasema bushi ni feki. Boliti ziachwe zikiwa legelege, gari lishushwe mpaka lisimame kwa uzito wake, likanyagiwe mara mbili tatu, ndipo zikazwe. Baada ya hapo pelekeni alaimenti.

Pangeni trei zikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, si mlangoni mwa buti, na msivuke usawa wa chini wa vioo. Uzito ukikaa nyuma sana, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi mahali ambapo hutaki uwe mwepesi.

Mkiamua kuagiza Japani, kumbukeni umri. Gari lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, juu ya ushuru mwingine wote. Injini ikivuka cc 2,000, ushuru wa bidhaa nao unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Ingizeni gari husika kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutuma hela, maana viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni. Kwa Fielder ya umri huo, lililokwisha kuwa nchini karibu siku zote ndilo litakalowatoka nafuu.

SWALI: Kaka zangu, nimepata Subaru Legacy wagoni ya 2004, GT yenye turbo, bei yake ni sawa na ya Fielder. Rafiki zangu wananiambia nitakufa maskini. Ni kweli? – Kijana wa Mbeya

JIBU: Inategemea aliyekuuzia aliitunzaje, na wewe utaitunzaje. Legacy ya umbo la 2003 hadi 2009 ni gari la raha: injini imelala chini, silinda mbili kushoto na mbili kulia, na magurudumu yote manne yanasukuma muda wote. Bei imeshuka kwa sababu watu wanaogopa, na woga wao una msingi.

Kwanza mkanda wa taimingi. Unabadilishwa kila kilometa 100,000, pamoja na tenshena, puli zake na wota pampu. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na silinda hedi zote mbili zinafunguliwa. Kama muuzaji hana risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Pili, turbo. Bomba linaloipelekea oili lina boliti yenye kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Oili ikipitiliza muda, tope linaziba wavu huo, turbo inazunguka bila oili na shafti inakufa. Mwambie fundi aifungue hiyo boliti na akuoneshe wavu kwa macho yako. Oili ibadilishwe kila kilometa 5,000, na dipstiki ichomolewe kila unapojaza tangi mara ya pili.

Tatu, gasketi za silinda hedi. Nenda asubuhi gari likiwa baridi kabisa. Shika injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, kuna kitu kilichofichwa. Fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji kwa dakika kumi. Vipovu vikitoka mfululizo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kisha lala chini na tochi utazame pale hedi inapokutana na bloku, upande wa chini: unyevu wa oili au kulanti hapo ni dalili. Gari likishapata moto usiguse mfuniko huo.

Nne, tairi. Zote nne ziwe za aina moja, saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi moja mpya na tatu zilizochoka zina mizunguko tofauti, na tofauti hiyo inakwenda kuisugua klachi ya ndani ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Gari likikatakata ukiingia maegesho kwa kona kali, mara nyingi ndiyo hiyo.

Mwisho, GT ilitengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani karibu na 100. Ukiijaza petroli ya kawaida na kuikimbiza kwenye joto, injini inagonga na kingo za pistoni zinavunjika. Ushauri wetu, kaka: tafuta ile ile Legacy isiyo na turbo, 2.0i ya cc 1,994. Usukani ni ule ule, kona ni zile zile, na usingizi utaupata.

SWALI: Nina Fielder ya gia boksi ya CVT niliyoagiza kupitia bandari ya hapa Mombasa. Ikifika kilometa 70 inalia "wuuu". Fundi amesema gia boksi imekwisha na anataka kuniwekea oili nzito ya gia za kawaida kwanza. Nimwache? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Bwana, mzuie leo leo. CVT inafanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kusagana. Ukitia oili nyingine, mkanda unateleza, unachora puli, na hapo ndipo gia boksi itakapokwisha kweli. Kwa Toyota oili hiyo ni TC kwa matoleo ya zamani na FE kwa mapya zaidi. Angalia kitabu cha gari lako.

Kabla ya kulaumu gia boksi, tafuta barabara pana isiyo na magari, ufike mwendo unaolia, kisha uyumbishe usukani taratibu kushoto na kulia. Mlio ukiongezeka unapokata kulia na kupungua unapokata kushoto, ni beringi ya gurudumu la kushoto, kwa sababu ndilo linaloelemewa. Kinyume chake ni la kulia. Mlio usiobadilika kabisa unaweza kuwa tairi zilizolika kwa ngazi. Pitisha kiganja juu ya tairi mbele na nyuma, utazisikia. Zikiwa nzima zote, badilisha oili ya CVT: pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, na ujazo wa mwisho upimwe oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, basi shida imo ndani.

SWALI: Nitajuaje kilometa za wagoni niliyoipenda hazikuchezewa? Dashi inasoma 68,000. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Dashi ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, kisha ndani ya boneti: magereji ya Japani hubandika stika za kubadilisha oili au mkanda, zikiwa na tarehe na kilometa. Mwaka unaweza kuwa wa kalenda ya wafalme wao. Ukikuta 25 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988, unapata 2013; kwa enzi ya Reiwa jumlisha 2018. Stika inayosema kilometa 94,000 mwaka 2013 kwenye gari linalosoma 68,000 haihitaji maelezo ya muuzaji.

Ukiwa hapo hapo, inua kapeti ya buti na utoe tairi la akiba. Sakafu ya shimo hilo iwe nyororo, na ule mpira wa kuziba maungio uwe umekaa kama wa kiwandani, mstari mmoja usiokatika. Mikunjo, rangi isiyofanana au mpira uliopakwa kwa kidole maana yake gari liligongwa nyuma, na kwenye stesheni wagoni mlango wa nyuma ulionyooshwa vibaya huingiza vumbi na moshi ndani hadi siku utakapoliuza.