Nimekuwa mkali kwa wanawake wanaojifungua, nami sikuwa hivyo

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi mkunga mwenye umri wa miaka 31, katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Miezi mitatu iliyopita, tukiwa wakunga wawili usiku katika wodi nzima ya wazazi, mama wa miaka 22 alitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Damu ya kundi lake haikuwapo, na gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka rufaa nyingine. Alifariki nikiwa nimemshika. Kwenye kikao cha kujadili kifo hicho niliulizwa mbele ya wote kwa nini nilichelewa kumwita daktari, ilhali nilikuwa nimempigia simu mapema. Tangu hapo sipati usingizi hata nikitoka zamu ya usiku, na nikisikia magurudumu ya kitanda cha wagonjwa moyo hunienda mbio, naiona damu ile upya. Wiki iliyopita nilimfokea binti aliyekuwa akilia kwa uchungu wa uzazi wake wa kwanza, akanyamaza kabisa hadi alipojifungua. Mume wangu husema kazi hii niliichagua mwenyewe. Naogopa nikiomba msaada wenzangu watasema nipelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye pochi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na ninauita msiba kwa sababu ndivyo ulivyo. Ndugu wa marehemu walipata watu wa kulia nao na kukaa nao matanga, kama inavyostahili, lakini wewe bila shaka ulitoka kwenye kitanda chake ukaenda kitanda cha pili, ambako mwanamke mwingine alikuwa akikungoja, kisha asubuhi ukakabidhi zamu, ukarudi nyumbani, na usiku ulipoingia ukatakiwa kuvaa sare tena.

Unajua kuliko mimi kwamba kutoka damu baada ya kujifungua ndiko sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya uzazi duniani, na kwamba kunaweza kumwondoa ndani ya saa chache mama ambaye hakuwa na dalili yoyote ya hatari. Lakini kulijua jambo hilo darasani ni tofauti na kulibeba mikononi. Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika kwamba mambo yanapoharibika katika tiba, mgonjwa na familia yake ndio wanaoumia kwanza, kisha anaumia mhudumu, na maumivu ya huyu wa pili mara nyingi hayaulizwi na mtu. Yako hayakuulizwa. Ulichoulizwa ni kwa nini ulichelewa.

Hapo nina neno kwa uongozi wa hospitali yako, na ninalisema kwa uchungu. Kila kifo cha mama hutakiwa kujadiliwa na kamati ya kituo ili ijulikane ni nini kilikosekana, iwe ni damu, gari, mtumishi au dawa, na ili upungufu huo uzibwe kabla ya mama mwingine kufika. Mwongozo wa vikao hivyo unasisitiza kwamba si mahakama na kwamba hakuna anayetafutiwa hatia. Kikao kilichomaliza muda wake kikimbana mkunga mmoja, huku kabati la damu likibaki tupu, kimemkosea mkunga huyo na kimewakosea pia wajawazito wa wilaya nzima. Kama kumbukumbu za simu ulizopiga zipo, na kama uliandika saa kwenye faili la mgonjwa, omba maelezo yako yaingizwe kwenye taarifa ya kikao kwa maandishi. Si kwa ajili ya kugombana na mtu, ila ni kwa sababu hupaswi kuishi na maelezo ya usiku ule yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwapo.

Sasa nikujibu kuhusu hali yako, kwa kuwa naona mambo mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni mshtuko: damu inayorudi machoni, moyo kwenda mbio kwa sauti ya magurudumu, usingizi kukataa. Hayo yakidumu zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio, nawe una miezi mitatu, hayaachiwi muda peke yake. Yanahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na tiba yake ipo. Nenda kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, na kama unaona haya kupanga foleni mahali unapofahamika, vuka mkoa. Sala anazokuombea mtu yeyote uzipokee, na kliniki uende vilevile. Kuhusu Mirembe, hospitali ile ya Dodoma imewatibu watu wengi waliorudi makwao na kazini kwao, na inasikitisha kwamba sisi wenyewe, hata wenye sare nyeupe, tumeigeuza jina la kutishana.

Jambo la pili ni uchovu wa kazi uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, halikuuweka uchovu huu kuwa ugonjwa, bali hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu la kazini ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake zimetajwa tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba kazi unayofanya haina tija tena. Ukali uliompiga nao yule binti uko katika hiyo ya pili. Moyo uliochoka kuumia hujiwekea ukuta, na mgonjwa ndiye anayekutana nao kwanza.

Sisemi hivyo ili kukuondolea lawama. Binti yule alikuja kwako akiwa katika saa ngumu kuliko zote alizowahi kuziona, na alinyamaza kwa hofu, na mwanamke anayeogopa kusema anaweza pia kunyamazia dalili ya hatari. Atarudi kwenye kliniki ya mtoto, kwa chanjo. Mtafute, umwombe radhi kwa maneno machache, bila kumsimulia shida zako. Na mwambie mkunga mwenzako wa zamu, yule unayemwamini, kwamba akikusikia sauti imepanda akuite nje kwa kisingizio chochote, achukue kitanda chako, nawe ukanywe maji. Wakunga wanaoelewana wanaweza kutendeana hilo bila kibali cha mtu.

Kwa muuguzi mfawidhi nenda mchana, si mwisho wa zamu mkiwa mmechoka wote, na uende na ombi lililo wazi: kuondolewa zamu za usiku kwa muda, kuhamishiwa kliniki ya wajawazito au chanjo hadi matibabu yako yatulie, na kupewa likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, saa 24 za mapumziko kila wiki, na inakataza kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Najua atakujibu kwamba watumishi hawatoshi, na atakuwa anasema kweli, lakini upungufu huo si deni lako wewe kulilipa kwa afya yako. Ukikataliwa, peleka ombi kwa maandishi na umshirikishe mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, hapo kazini.

Naomba pia uniahidi jambo moja. Usijitibu kwa vidonge vya usingizi kutoka kwenye kabati la wodi. Na siku ukipata wazo la kujidhuru, hata kama ni wazo la kupita tu, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali ukiwa na mtu, kwa sababu mhudumu wa afya ana dawa karibu na anajua vipimo vyake.

Mumeo sidhani kama ni mbaya. Nadhani hajui ya usiku ule. Mweleze mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kama ulivyonieleza mimi, kisha umwombe kitu anachoweza kukifanya: asubuhi unapotoka zamu achukue watoto, kama mnao, na azuie wageni hadi saa nane mchana.

Barua iliyo kwenye pochi usiipeleke kwanza. Tibiwa, pumzika siku zako zote za likizo, kisha uisome tena ukiwa umelala vya kutosha. Ukiona bado unataka kuondoka leba, ondoka bila aibu, maana chanjo, uzazi wa mpango na kufundisha chuoni ni kazi za mkunga pia. Ukiona unataka kubaki, hakikisha kabla ya zamu ya kwanza unajua nani anashika simu ya damu usiku. Niandikie muuguzi mfawidhi atakapokujibu, hasa kama jibu ni hapana.