Jibu: Kuwaleta watoto Tanga mwaka mmoja, shule na makazi

Dada, karibu nyumbani. Umeuliza kama mwaka mmoja Tanga utawatosha wanao waliozaliwa Uingereza washike Kiswahili na kuwajua ndugu wa upande wa mama yako, na kama shule ya Kiingereza ndiyo nafuu kwao.

Nafuu ndiyo, ila mtakuwa mmehama bila kuhama. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na mwaka unaanza Januari. Huyo mdogo usimhofie, wenzake watamfunza uwanjani kabla ya mwalimu. Mkubwa ni habari nyingine, maana sekondari masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chake kitatoka mtaani. Ndiyo maana ningepanga nyumba mtaa wa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, badala ya Raskazone. Raskazone kuna upepo wa bahari na mageti yaliyofungwa (sisemi kwa ubaya). Ngamiani mtoto anatumwa dukani, na akimpita mzee bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yake.

Tongoni nendeni, njia ya Pangani, mkaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mchukueni bibi awasimulie.

Viza ya kawaida ni siku 90, na mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, kwa hiyo waulizeni Uhamiaji kuhusu vibali kabla ya kukata tiketi. Na bibi msimwambie mnakuja kwa majaribio. Atanuna.